Kitufe cha Kushusha Wimbo

Kuna wimbo ambao karibu kila mwanaume wa Kijapani wa makamo anaujua, wengi wamewahi kuujaribu, na wachache wameumaliza bila kukohoa. Unaitwa "Daitokai". Kikundi cha Crystal King kiliutoa mwishoni mwa mwaka 1979. Nyimbo nyingi humpa mwimbaji nafasi ya kupasha koo: ubeti wa chini, ngazi mbili tatu za kupandia, ndipo kiitikio. Huu hauna subira hiyo. Unafunguka kwa kilio cha Tanaka Masayuki, sauti ya mwanaume mzima iliyopanda hadi pale ambapo hata waimbaji wa kike wengi wangefikiri mara mbili, ikashikiliwa hukohuko mpaka msikilizaji anaanza kumwonea huruma. Kisha anaingia mwenzake, Monsieur Yoshizaki, kwa sauti nzito ya kukwaruza. Wimbo unakwenda hivyo hadi mwisho, huyu juu, huyu chini.

Mwaka huohuo ulishinda shindano la Popcon la kampuni ya Yamaha, halafu ukatwaa tuzo kuu kwenye tamasha la nyimbo la dunia lililofanyika ukumbi wa Budokan, Tokyo. Kwa upande wa wageni tuzo kuu ilikwenda kwa Bonnie Tyler wa Wales, mwanamama mwenye sauti nzito iliyoparuza. Nikiwaza jukwaa lile huwa nacheka peke yangu. Usiku mmoja, nchi moja, mwanamke kashinda kwa ngurumo na mwanaume kashinda kwa ukwenzi.

Mimi wimbo huo niliujua nikiwa na trei mkononi. Nilikuwa mwanafunzi Fukuoka, katika kisiwa cha Kyushu, na viza ya masomo ilinipa ruhusa ya kibarua kisichozidi saa 28 kwa wiki. Nikapata kazi ya usiku kwenye jengo la karaoke maeneo ya Tenjin: kupeleka vinywaji vyumbani, kukusanya glasi, kufuta maiki kwa dawa, kurudisha rimoti mahali pake kabla kundi jingine halijaingia. Treni za mwisho huondoka kwenye saa sita usiku na za kwanza huanza kwenye saa kumi na moja alfajiri. Aliyekosa ya mwisho alikodi chumba akaimba mpaka kukacha, na wengine, nina hakika, walikuwa wakiikosa kwa makusudi.

Kuta zilipitisha ngoma na besi tu. Sauti ya mwimbaji, hasa ikiwa juu, ilibaki ndani hadi mlango ufunguliwe. Kwa hiyo noti za juu za wanaume wa Kijapani nilizipata vipandevipande, kila nilipoingia na kutoka. Na kuna balaa moja ambalo kila mhudumu wa karaoke analifahamu. Unabisha hodi, unaingia na bia nne, na humo ndani kijana wa watu ndiyo kwanza anafika kileleni mwa wimbo. Akikuona, sauti inaporomoka. Anamalizia kwa kunong'ona huku macho yako kwenye kapeti, wenzake wanavunjika mbavu, nawe unapanga glasi taratibu mithili ya asiyesikia kitu. Nilijizoeza kusimama nje kwanza, nikiisikiliza besi, nikikadiria kiitikio kimefika wapi, ili nibishe pale gitaa linapocheza peke yake. Wateja hawakujua, lakini nimeokoa heshima za watu wengi.

Kilichonifundisha zaidi katika vyumba vile ni rimoti. Kila moja ina kitufe cha kuupandisha wimbo na kitufe cha kuushusha, nusu toni kwa kila mbonyezo. Hicho cha kushusha vijana wa kiume hawakukigusa. Kuuimba wimbo katika kimo kilekile alichourekodia mwenyewe lilikuwa jambo la heshima, na walilizungumza kwa lugha ya mafundi: huu unafika hiA, ule unafika hiB, yule jamaa wa kitivo cha uhandisi anaipiga hiC kwa kifua. Hiyo hiA ni noti ya mitetemo 440 kwa sekunde, ambayo okestra hulinganishia ala zake. Mwanaume akizungumza kawaida, nyuzi za sauti yake hutetema mara 100 na ushee kwa sekunde. Kumtaka afike hiC ni kuzitaka nyuzi hizohizo zitetemeke zaidi ya mara 520, tena saa tisa usiku, baada ya bia.

Halafu kuna mashine ya kutoa alama. Kwenye skrini vinapita vipande vya rangi kuonyesha noti inayotakiwa, na mstari wa sauti yako unavifuata. Mwishoni mashine inahesabu ulivyotetemesha sauti, ulivyoinyanyua noti kutoka chini yake, ulivyoikunja kwa mtindo wa enka, zile nyimbo za Kijapani za majonzi, kisha inakupa alama juu ya 100. Nimeshuhudia watu wakipewa alama 90 na kitu kwa wimbo uliofia mikononi mwao. Mashine inajua kama umeifikia noti. Kama kulikuwa na sababu ya kwenda huko, haiulizi.

Nilikokulia, Ngamiani mjini Tanga, mvulana mwenye sauti ya juu alikuwa mali ya madrasa. Maulidi yakikaribia, ustadhi alichagua watoto wa kukaa mbele na kuongoza kaswida, na kwa miaka michache nilikuwa miongoni mwao. Sauti ilipoanza kukwaruza nilihamishiwa nyuma nikapewa dufu. Hakuna aliyenisema vibaya. Katika madrasa yetu ndivyo mambo yalivyokwenda, mtoto anaimba, mkubwa anapiga. Nilifika Japani nikiamini kwamba sauti ya juu ni jambo la utotoni, na mwanaume ikishamtoka haifuatwi tena.

Ajabu ni kwamba nyumbani kwetu mjomba alikuwa na kanda za Tabu Ley Rochereau, Mkongo ambaye sauti yake nyororo ilielea juu ya magitaa saa nzima, na hatukumshangaa hata siku moja. Labda kwa kuwa Kilingala hatukukielewa, tulimsikia kama ala nyingine ndani ya bendi. Siku moja nilimpigia mjomba simu, nikaiweka karibu na spika ili asikie nilichokuwa nasikiliza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Mama gani huyo anaimba?"

"Si mama huyo. Ni mzee, kazaliwa mwaka 1947."

Akanyamaza kidogo. "Basi huko mlipo kuna hewa safi."

Aliyekuwa anaimba ni Oda Kazumasa. Mtu huyu alisomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Tohoku, akawika na kikundi cha Off Course, na mwaka 1991 wimbo wake "Love Story wa Totsuzen ni", uliobeba tamthilia ya televisheni ya Tokyo Love Story, ukauza nakala zaidi ya milioni 2.5. Nilipokuwa Fukuoka alikuwa amepita miaka sabini na bado akiimba majukwaani. Mjomba hakuvutiwa sana na habari za mauzo. Akaniuliza kama Wajapani bado wanauimba ule wa "Sukiyaki", akaanza kuupiga mluzi kwenye simu, tena bila kukosea.

Huo ni wa Sakamoto Kyu. Kwao unaitwa "Ue o Muite Aruko", ulitoka mwaka 1961, na mwaka 1963 ulishika nafasi ya kwanza Marekani ukiwa umebandikwa jina la chakula ambacho hakimo ndani yake. Sakamoto alikufa katika ajali ya ndege ya shirika la Japan Airlines mwezi Agosti 1985. Baada ya simu ile niliusikiliza upya, na kwa mara ya kwanza nikagundua anachokifanya. Hapigi noti kubwa. Katikati ya silabi sauti inachomoka kutoka kifuani, inagusa kichwani, inarudi, yote kwa kufumba na kufumbua. Ni safari fupi mno, lakini kila aliyeusikia wimbo ule anaikumbuka hata kama hajui neno moja la Kijapani.

Ukitaka kuona jinsi wanaume hawa wanavyotofautiana, waweke pamoja Toshi wa X JAPAN na Kusano Masamune wa Spitz. Toshi alikua na Yoshiki mjini Tateyama, wakifahamiana tangu chekechea. Yoshiki ni mpiga ngoma na piano, na ndiye mtunzi wa nyimbo nyingi za kikundi, yaani mtu asiyelazimika kuziimba. Inasikika. "Kurenai", singo yao ya mwaka 1989, inamsukuma Toshi juu na kumwacha huko, na raha ya msikilizaji ni kusikia jinsi inavyomgharimu. Mteja aliyeuchagua wimbo huo alikuwa anatangaza vita, na wenzake walijua wakae mkao gani.

Kusano, mzaliwa wa Fukuoka, hatangazi chochote. Anaimba juu kwa namna mtu anavyosema habari za asubuhi. "Robinson", wa mwaka 1995, unasikika mwepisi kiasi kwamba watu wazima na akili zao waliuchagua mapema jioni ili kujipasha moto. Kiitikio kilipowafikia ndipo walipoanza kuitafuta rimoti. Mimi niko upande wa Kusano. Toshi ananistaajabisha, lakini kustaajabu kunachosha. Kusano namsikiliza nikipika.

Kwa muda mrefu nilidhani hayo ndiyo makundi mawili, wanaopanda kwa jasho na wanaoishi hukohuko juu, na kwamba mtu wa kawaida hana lake hapo ila kushangilia. Aliyenitoa kwenye fikra hiyo ni mteja wa mchana.

Wakati wa likizo za chuo nilipangiwa zamu za mchana, bei zinapokuwa chini na vyumba vinapokodiwa na wastaafu. Alikuwapo mzee mmoja aliyekuja peke yake, akaagiza chai ya oolong ya moto, na kabla ya jambo lolote akaichukua rimoti na kubonyeza kitufe cha kushusha mara kadhaa, bila haya. Aliimba Mihashi Michiya, mwimbaji aliyezaliwa Hokkaido mwaka 1930 na kukulia kwenye nyimbo za kijadi zinazotaka sauti nyembamba na ndefu. Nilimkuta akiuimba "Kojo", uliovuma mwaka 1959. Nilikuwa tayari kuinamisha macho kama ilivyo desturi. Hakunyamaza. Aliumaliza, akanyanyua kikombe, akaniuliza ninatoka wapi na huko kwetu wanaume wanaimbaje.

Nikamweleza kaswida na dufu. Mhudumu haruhusiwi kukaa na wateja, lakini meneja, aliyekuwa akipita, alichungulia akanikonyeza, maana chumba cha jirani kilikuwa kitupu na mzee ni mteja wa siku nyingi. Mzee akachagua "Daitokai". Akaushusha mbonyezo baada ya mbonyezo, nikaacha kufuatilia. Akaniita kwa jina langu na "kun" nyuma yake, kama wanavyoitwa vijana kazini, akanikabidhi maiki ya pili. "Wewe ni Yoshizaki," akasema. "Mimi nitakuwa yule mwingine."

Kilio cha kwanza kilitoka. Kwa hesabu ya vijana wa usiku ilikuwa noti ya kawaida kabisa, wala hiA hakuifikia. Lakini ilinichoma. Ilikuwa juu. Nikaingia na sehemu yangu, haraka haraka, nikitaka kumrudishia nafasi. Akanizuia kwa mkono.

"Usiwe na haraka ya kumaliza ya kwako," akasema. "Mimi napandia hapo."

Tukaanza upya. Nikauimba ubeti wa chini kwa uzito wake wote, polepole, nikiuacha ukae sakafuni, na kilio chake kilipokuja mara ya pili kilipaa zaidi ya mwanzo, ingawa noti ilikuwa ileile na kitufe hakikuguswa tena. Jambo lenyewe ni rahisi ukilikalia. Ukiushusha wimbo mzima, umbali kati ya noti ya chini kabisa na ya juu kabisa unabaki vilevile. Sikio halina kipimo cha mitetemo ndani yake. Linasikia mtu ametoka wapi na amefika wapi, na jinsi koo lake lilivyonyooka njiani. Vijana wa usiku waliobeba hiC mdomoni tangu mstari wa kwanza, wakiingoja, wakiikazia shingo, walikuwa wameshaila safari kabla hawajaondoka.

Simaanishi kwamba kushusha hakuondoi kitu. Kunaondoa. Ile rangi ya kupasuka iliyomo kwenye rekodi ya Tanaka haipatikani chini ya pale alipoiimba, na mzee mwenyewe alisema hivyo. Lakini wengi tunakosa yote kwa kung'ang'ania hiyo moja.

Baadaye nilisoma habari za Inoue Daisuke, na nikamwona mzee yule kwa jicho jingine. Inoue alikuwa mpiga kinanda wa baa mjini Kobe. Hakuwa hodari wa kusoma noti, ila alijua kumfuata mteja: akienda taratibu anamngoja, akishindwa kupanda anamshushia. Mkurugenzi mmoja wa kampuni, aliyezoea kuimba naye, alikuwa na safari asiyoweza kumchukua, akaomba arekodiwe muziki peke yake katika kimo anachokimudu. Kutokana na ombi hilo Inoue akabuni mashine yake mwaka 1971. Hakuisajili kama uvumbuzi wake, kwa hiyo utajiri ukapita kando. Karaoke, basi, ilianza kwa kuushusha wimbo ili mtu wa kawaida aufikie. Wale vijana waliokiogopa kitufe walikuwa wamekaa ndani ya nyumba bila kujua mlango wake uliwekwa wapi.

Mwaka 2019 ulinikuta palepale Tenjin, na ulikuwa mwaka mbaya kwa makoo. Februari King Gnu walitoa "Hakujitsu", Mei Official HIGE DANdism wakatoa "Pretender", na Desemba 31 vikundi vyote viwili vikapanda kwa mara ya kwanza kwenye Kohaku, kipindi cha NHK cha kufunga mwaka kilichoanza mwaka 1951, ambamo wanawake hushindana na wanaume kwa nyimbo. Fujihara Satoshi wa "Pretender" aliwahi kufanya kazi benki kabla ya muziki kumchukua moja kwa moja. Iguchi Satoru wa King Gnu alisomea uimbaji katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo, na "Hakujitsu" unaanza naye juu kabisa, kwa sauti ya kichwa, piano tu ikimsindikiza. Halafu anaingia Tsuneta Daiki, mtunzi, aliyetoka mji mmoja naye, Ina huko Nagano, kwa sauti ya chini yenye vumbi. Niliposikia hivyo kwa mara ya kwanza, mlango ukiwa nusu wazi na trei begani, nilitabasamu. Miaka arobaini ilikuwa imepita na mpango ulikuwa uleule: mmoja anakaa chini ili mwingine aonekane amepanda.

Katika nyimbo zilizofuata mpango huo umeanza kuchoka. Ohmori Motoki wa Mrs. GREEN APPLE ana koo ambalo sijui limeundwa kwa nini, na nyimbo zake zinapanda, zinarukia sauti ya kichwa, zinashuka, zinapanda tena ndani ya pumzi moja. Ni ufundi mkubwa. Lakini noti ya juu ikija kila baada ya maneno matatu inageuka kuwa sakafu, na mwimbaji inabidi atafute paa jingine. Vijana wa Tenjin hawakukubaliana nami hata kidogo, na kwa kuwa wao ndio waliokuwa wanalipia chumba, nilibeba glasi zangu nikatoka.

Meneja alipenda kunieleza kwamba jiji kubwa linaloimbwa kwenye "Daitokai" ni Fukuoka yenyewe na si Tokyo, kwa maana Crystal King walipiga muziki Sasebo, mji wa bandari wenye kambi ya wanamaji wa Marekani, na kutoka huko Fukuoka ndiyo mtu aliyoitamani. Ni yeye pia aliyenipa habari za Tanaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980, akicheza besiboli ya kujifurahisha, mpira ulimpiga kooni, na zile noti zilizomfanya ajulikane nchi nzima zikaondoka. Aliendelea kuimba. Meneja alilisema hilo la mwisho kwa mkazo, akinyoosha kidole kwenye rimoti iliyokuwa kaunta, kama anayenionyesha ushahidi.

Nimerudi Tanga, na jioni nikipata nafasi huwa nakaa na vijana wa madrasa yetu ya zamani. Nilimwomba ustadhi aliyepo sasa kwamba wale ambao sauti zimewavunjikia wasinyang'anywe kaswida. Wapewe mstari wao wa chini, waushike, watoto wapandie juu yake. Amekubali nusu: waimbe, lakini dufu wasiliache. Mvulana mmoja mrefu amekuja juu, anauliza kwa nini asiimbe anakoimba mdogo wake, na nimeshamwambia ajaribu, ila kwanza anishikie chini kwa beti mbili bila kukimbia. Mjomba naye alikuja kwenye mazoezi, akakaa kwenye benchi la nje, akasikiliza hadi mwisho, akasema besi imezidi. Tunabishana bado. Maulidi ni Mfungo Sita, muda upo.